Gramu 84

Bibi yangu akinusa ugoro, huzungumzi naye mpaka apige chafya. Ndiyo adabu ya baraza yake pale Munje, na hakuna anayeivunja. Unaweza kuwa umekuja mbio na habari ya msiba, jasho likikutiririka. Utakaa kitako mkekani, utasubiri. Atachukua kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, atavuta tundu la kulia, atavuta la kushoto, atafumba macho. Kisha chafya. Mbili, siku nyingine tatu. "Alhamdulillahi." Halafu ndo akugeukie: "Haya, mwanangu. Wasemaje?"

Siku hizi ugoro wake unakaa ndani ya kichupa cha plastiki cha vidonge vya presha, kile cheupe chenye kifuniko cha kusokota. Mimi ndiye ninayemnunulia vidonge hivyo, na mimi ndiye sababu ya ugoro kukaa humo. Zamani ulikaa penye heshima zaidi.

Kilikuwa kijisanduku cha fedha, cha mviringo, kinajaa kiganjani kama yai la bata lililobanwa pande mbili. Kifuniko kilikuwa na bawaba ndogo iliyolia "tk" ukikifungua. Katikati ya kifuniko palikuwa na kibati cha duara, rangi yake samawati iliyokoza kama bahari ya nje ya mwamba saa nne za asubuhi, na juu yake ua jeupe la petali tano. Bibi alikiita tabakelo. Neno hilo sikuwahi kulisikia kwa mtu mwingine, nikadhani ni jina alilolibuni mwenyewe, kama watu wanavyowabandika paka majina. Kumbe limo kwenye kamusi. Ni neno la Kireno, limeingia Kiswahili kwa mlango uleule uliopitisha meza, leso na gereza. Tumbaku asili yake ni Amerika. Wareno walikuwa miongoni mwa walioisambaza duniani, na huku kwetu wakaacha na jina la chombo cha kuiwekea.

Namna tabakelo ilivyofika Munje ni hadithi ya deni.

Babu alikuwa akikausha nazi na kuuza mbata kwa mwenye duka mmoja Mhindi upande wa Msambweni. Magunia yanapokewa, yanaandikwa daftarini, pesa zinakuja baadaye. Daftari lilikaa kwa mwenye duka na kalamu ilikaa kwa mwenye duka. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria ya leseni za biashara. Asiye raia hakuruhusiwa tena kufanya biashara nje ya maeneo maalumu ya mijini, isipokuwa kwa kibali, na Wahindi wengi wakati huo walikuwa na pasipoti za Uingereza. Uingereza nayo ikaanza kuwafungia mlango watu wenye pasipoti zake yenyewe: sheria mpya ingeanza kutumika tarehe 1 Machi 1968. Kwa hiyo Februari ya mwaka ule palikuwa na mbio za ndege. Aliyewahi, aliingia. Aliyechelewa, shauri yake.

Mwenye duka akawa katika waliowahi. Babu alipokwenda kudai pesa zake akakuta rafu tupu na masanduku yamefungwa kamba. Taslimu hakuna. Yule bwana akamwita nyuma ya duka, akamkabidhi tabakelo. Nduguye alikuwa sonara Mombasa, ndiye aliyeitengeneza. "Hii ina thamani kushinda deni lako," akamwambia.

Babu alirudi nyumbani amenuna, na aliendelea kununa mpaka alipofariki mwaka 1999. Yeye alitaka shilingi za mbata zake anunue mabati. Paa la makuti lilikuwa linavuja. Kila alipomwona bibi akifungua kile kifuniko, alisema: "Nusa, nusa tu mabati yangu."

Mwaka 2018 nilipata nafasi ya chuo Mombasa. Nilikuwa nimechangiwa karibu kila kitu: mjomba katoa, msikiti umetoa, mama kauza mbuzi. Kilichopungua ilikuwa ada ya usajili, na siku zilikuwa mbili. Usiku bibi akaniita chumbani. Akakung'uta ugoro kwenye kipande cha gazeti, akaifuta tabakelo kwa ncha ya leso, akanipa.

"Nenda kauze."

"Na wewe, bibi?"

"Mimi nina pua. Pua haitaki fedha."

Nikavuka feri ya Likoni asubuhi, tabakelo nimeifunga kwenye soksi. Karibu na Mji wa Kale niliingia duka la kwanza la sonara nililoliona limefunguliwa. Alikuwa mzee, miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kwenye paji la uso. Aliisugua tabakelo kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tindikali juu ya ule mstari, akatazama rangi. "Fedha, ndiyo." Kisha akachukua patasi ndogo kama kijiti cha meno, akaipitisha chini ya kile kibati cha samawati, akakibandua. Kikatoka kizima. "Hiki ni shaba na kioo," akasema. "Silipii." Akaweka kilichobaki kwenye mizani.

Gramu 84. Shilingi 50 kwa gramu. Jumla shilingi 4,200.

Sikuuliza itapelekwa wapi. Nilijua. Fedha ya sonara huyeyushwa. Nilikunja zile noti nikaenda kujisajili, na ndani ya wiki moja nilikuwa mwanachuo kama wanachuo wengine, nalalamikia chakula. Bibi hakuniuliza bei. Si siku ile, si mwaka ule, si miaka sita iliyofuata.

Novemba 2024 nilikuwa ndani ya matatu kutoka Likoni, foleni haisogei, nikawa nasukuma skrini ya simu kwa kidole kwa sababu ya kukosa la kufanya. Habari ikatokea: huko Paris, kwenye jumba la makumbusho la Cognacq-Jay, wezi waliofunika nyuso wameingia mchana kweupe wakiwa na mashoka, wamevunja kabati la vioo, wamechukua vijisanduku saba. Picha ikafunguka taratibu, mtandao wa Ng'ombeni unavyojua wenyewe. Dhahabu. Almasi. Bawaba ndogo. Kifuniko chenye rangi.

Nilicheka peke yangu, jirani akanitazama. Ati tabakelo! Watu wamebeba mashoka kwa ajili ya tabakelo!

Kisha sikucheka tena, kwa sababu nilikumbuka ile patasi.

Tangu siku hiyo nimesoma kuhusu vijisanduku hivi zaidi ya mtu wa kawaida anavyopaswa. Ulaya ya karne ya 18 ilinusa ugoro kama wazimu. Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, yule wanayemwita Mkuu, alikuwa na mamia ya tabakelo, na ugoro ulimwagika kwenye nguo zake mpaka watu wakaandika habari zake. Inasimuliwa kwamba kwenye vita vya Kunersdorf mwaka 1759 risasi iligonga kijisanduku mfukoni mwake, akapona. Vyake vilikuwa vikubwa, vingine vimechongwa kwenye jiwe la kijani kutoka Silesia, vimezungushiwa dhahabu na almasi. Vichache viko London sasa, kwenye makumbusho ya V&A. Ukiangalia majina ya waliovitengeneza pale Berlin unakuta Daniel Baudesson, unakuta ndugu wa familia ya Jordan. Majina ya Kifaransa, katikati ya Ujerumani. Niliuliza swali ambalo mtoto yeyote wa Pwani angeuliza: hawa nao walifikaje huko?

Walikimbia. Mababu zao walikuwa Wahugenoti, Waprotestanti wa Ufaransa. Mwaka 1598 Mfalme Henri wa Nne aliwapa amri ya kuwalinda, ile ya Nantes. Oktoba 1685 mjukuu wake, Louis wa Kumi na Nne, akaifuta. Makanisa yakabomolewa. Wachungaji wakaambiwa waondoke. Lakini waumini wa kawaida wakakatazwa kuondoka: ubadili dini, na ubaki hapohapo. Mwanamume aliyekamatwa akitoroka alifungwa kwenye makasia ya merikebu za mfalme. Hata hivyo walitoroka, watu kama 150,000 hadi 200,000, usiku, kwa mashua, ndani ya mapipa. Familia ya Courtauld, iliyokuja kutoa masonara maarufu wa London, husimulia kwamba Augustin alivushwa akiwa mtoto mchanga, kafichwa kwenye kikapu cha mboga. Paul de Lamerie, anayetajwa kuwa mfua fedha hodari kuliko wote waliofanya kazi Uingereza, alizaliwa Uholanzi mwaka 1688, wazazi wake wakiwa njiani kama wakimbizi wengine. Karibu 20,000 walikwenda Brandenburg, ambako mtawala aliwafungulia mlango mwezi uleule wa Oktoba 1685, kwa sababu nchi yake ilikuwa imeharibiwa na vita na alihitaji mikono.

Mikono. Ndicho walichobeba. Huwezi kuvuka mpaka na karakana, lakini hakuna askari anayeweza kukupekua akaikuta kazi uliyojifunza kwa miaka saba.

Kazi yenyewe, ile ya rangi, nilitaka kuielewa vizuri. Kila siku nilidhani ni rangi ya kupaka. Sivyo. Enameli ni kioo. Unasaga kioo mpaka kiwe unga, unakichanganya na madini ya kuleta rangi (kobalti kwa samawati, oksidi ya bati kwa nyeupe), unakilaza juu ya chuma kama unavyolaza unga wa mkate wa sinia, kisha unaingiza kwenye tanuri la nyuzi kama 800. Kioo kinayeyuka, kinashikana na chuma. Kila rangi ina moto wake, kwa hiyo unaanza na ile inayotaka moto mkali zaidi na kumalizia na ile dhaifu. Kijisanduku kimoja kinaweza kuingia tanurini mara nyingi, na mara ya mwisho kikipasuka, kazi yote imekwenda na maji.

Ukitaka kuiona usiende Paris. Nenda jikoni kwa bibi. Kile kikombe cheupe chenye ukingo wa samawati tulichonywea chai sote tulipokuwa wadogo, ambacho kikianguka kinabanduka kinaacha doa jeusi la kutu, ni kazi ileile: kioo juu ya chuma. Na weupe wa enameli za siku hizi huletwa mara nyingi na titani, madini yaleyale yaliyochimbwa hapa kwetu Kwale kwa zaidi ya miaka kumi, yakipakiwa melini Likoni, mpaka mgodi ukafungwa mwisho wa 2024. Huenda kuna mtu mbali huko anakunywa chai kwenye mchanga wetu.

Katika watu wote hawa aliyenikaa moyoni ni mzee mmoja aitwaye Jean Petitot. Alizaliwa Geneva mwaka 1607, katika familia ya wakimbizi wa Kiprotestanti, akawa fundi wa kuchora nyuso kwa enameli juu ya dhahabu, nyuso ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Miaka na miaka alimchora Louis wa Kumi na Nne. Mfalme alikuwa akiwapa mabalozi picha yake ndani ya kasha la almasi, na baadaye picha za Petitot zilipachikwa kwenye vifuniko vya tabakelo. Basi 1685 ilipofika, Petitot, karibu miaka 80, aliomba ruhusa arudi Geneva. Mfalme hakumpa ruhusa. Alimtia gerezani mpaka abadili dini. Uso wa mfalme aliujua kuliko mtu yeyote, kunyanzi kwa kunyanzi, na uso uleule ukamwangalia akifungwa. Alitia sahihi, akaachiwa, akaenda zake Uswisi, na huko akafia mwaka 1691, kwenye mji wa Vevey.

Na mwaka 1689, Petitot akiwa angali hai, Louis alihitaji pesa za vita. Akaagiza samani zote za fedha za jumba lake la Versailles, meza, vinara, viti, vikayeyushwe. Kazi ya mafundi wake bora wa miaka mingi. Alipata fedha kwa uzito, kama nilivyopata mimi. Nilipoisoma habari hiyo niliweka simu chini. Sikutarajia kufanana na mfalme wa Ufaransa, na zaidi sikutarajia kufanana naye kwa jambo hilo.

Sasa, sitaki nikuuzie hadithi tamu ya mafundi wema na wafalme wabaya. Tumbaku iliyojaa kwenye vijisanduku vile ililimwa Virginia na Brazil na watu waliotekwa Afrika. Mimi nimekulia karibu na Msambweni, ambako watu bado hukuonyesha magofu wanayosema watumwa walifungiwa humo wakisubiri majahazi. Siwezi kutazama tabakelo ya dhahabu nisijiulize nani aliinama shambani. Na wakimbizi wenyewe: wengine walipelekwa Cape mwaka 1688, wakapewa ardhi kwenye bonde ambalo mpaka leo linaitwa Franschhoek, pembe ya Wafaransa. Ardhi haikuwa tupu. De Villiers, Du Toit, Joubert, majina haya ya Afrika Kusini unayoyajua yalianza kwa mtu aliyenyang'anywa kwao. Mtu anaweza kudhulumiwa Jumatatu na kudhulumu Jumanne. Babu angeielewa sentensi hiyo bila maelezo. Mwenye duka wake alikuwa mkimbizi na alikuwa mwenye daftari, mtu mmoja, siku moja.

Lakini mtindo wa jambo hili naujua, kwa sababu sisi tuliurudia. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Walivuliwa bangili kwenye vizuizi vya njia ya Entebbe. Karibu 28,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus ikiwaomba wasije, jiji limejaa. Walikuja. Leo barabara ya Belgrave ya mji huohuo imejaa maduka ya masonara, na jiji linaitangaza kwa watalii. Binamu yangu anayeishi London alinitumia picha ya msikiti wa Brick Lane anakoswali Ijumaa akiwa mitaa hiyo. Jengo lile lilijengwa mwaka 1743 kama kanisa la Wahugenoti. Baadaye likawa la Wamethodisti, mwisho wa karne ya 19 likawa sinagogi la Wayahudi waliokimbia Urusi, na 1976 Wabangladeshi wakaligeuza msikiti. Kuta zilezile. Kila waliofukuzwa wanaingia, wanabadilisha upande wa kuelekea.

Mapema 2025 nilirudi kwa yule sonara. Nilikuwa nimejiandaa kutomkuta. Nilimkuta, miwani miwili vilevile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wauza au wanunua?"

Nikamwambia sivyo vyote. Nikamweleza: 2018, kijisanduku cha ugoro, kifuniko cha samawati. Nilitarajia anifukuze. Akavuta kigoda.

"Gramu ngapi?"

"84."

Akafikiri. Akatikisa kichwa. "Fedha yako siijui iliko, mwanangu. Yaweza kuwa mkufu wa mtu. Yaweza kuwa pete kumi. Fedha haina kumbukumbu." Kisha akanyanyuka kwa shida, akafungua mtoto wa meza wa chini kabisa, akatoa kopo la biskuti lililochakaa. "Lakini mina siitupi."

Mina ndiyo jina lake yeye kwa enameli. Akalimimina kopo kwenye kitambaa. Vijiwe vya kioo, shanga, nusu ya hereni, na vibati: chekundu chenye tausi, cha kijani, viwili vya samawati. Baba yake alitoka Kutch, akaniambia, na mji wa Bhuj huko ulikuwa na jina kubwa kwa kazi ya fedha na mina. Akachukua kimoja cha samawati, akakigeuza, akakionyesha mwanga. "Yule aliyetengeneza chako, sanduku alilipiga mwenyewe, hapahapa Mombasa. Kibati ataagiza. Tulikuwa twaagiza. Hapa hakukuwa na tanuri zuri la mina."

"Wewe wajua kuitengeneza?"

"Nilijua." Akatazama vidole vyake. "Ndugu zangu wawili wako Leicester. Mmoja ana duka, lakini mashine ndizo zafanya kazi, yeye auza. Mwanangu ni mhasibu. Yuanipenda sana, kila mwezi aniambia funga, baba, pumzika."

Nilimuuliza kwa nini aliking'oa kibati changu haraka vile, bila kusema neno, ikiwa alijua ni kazi ya mtu.

Hakukasirika. "Ulikuwa na haraka," akasema. "Mtu anayeuza cha nyanyake huwa ana shida. Nikianza kumwambia kizuri hiki, kazi hii, hataweza kuuza. Na shida yake iko palepale."

Akanipa kile kibati cha samawati. Sikuona ua juu yake, lakini kulikuwa na alama nyeupe iliyofutika katikati, kama ukungu. Nilitaka kiwe chenyewe. Nilitaka sana. Nikamuuliza bei, akanifukuza kwa mkono kama mtu anayefukuza inzi.

Jumamosi nikaenda Munje. Matatu mpaka Msambweni, bodaboda kutoka hapo, minazi kushoto na kulia, harufu ya bahari kabla ya bahari yenyewe. Bibi alikuwa barazani. Nilifika katikati ya ugoro, kwa hiyo nilisubiri. Chafya mbili.

"Alhamdulillahi. Haya, mwanangu."

Nikamweka kibati kiganjani. Akakisogeza karibu na jicho, kisha mbali, kisha karibu. Akapitisha kucha juu yake. Nilimweleza yote: Paris, mashoka, wafalme, wakimbizi, yule mzee wa Petitot, nikamaliza na yale niliyokuja kuyasema hasa, kwamba niliiuza kwa 4,200 na iliyeyushwa, na kwamba nilikuwa na miaka sita sijui namna ya kumwambia.

"Najua," akasema. "Ulidhani nakutuma ukaiweke kwenye kabati?"

"Lakini ilikuwa na thamani, bibi."

"Ilikuwa deni." Alisema taratibu, kama mtu anayemwongoza mtoto kwenye hesabu. "Babu yako alipeleka mbata, hakulipwa. Miaka thelathini yuanitazama nikinusa, ananiona nanusa deni lake. Nami naipenda ile tabakelo, Mungu anisamehe, nilikuwa naipenda. Kila nikiifungua namwibia. Ulipokwenda kuiuza ukalipa chuo, nilisema basi. Yule bwana amelipa. Babu yako amelipwa. Nililala vizuri usiku ule."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimekuja na majuto ya miaka sita na hapakuwa na mahali pa kuyatua. Na bado, mpaka sasa, sikubaliani naye kabisa. Deni la babu lilikuwa la yule bwana mwenye daftari. Nduguye aliyekaa Mombasa akipinda fedha, akipachika ua la petali tano ambalo hakuna aliyemwomba alipachike, yeye hakuwa na deni na mtu. Yeye ndiye tuliyemyeyusha. Nilimwambia bibi hivyo. Akanyamaza kitambo, akaangalia barabara ya mchanga inayokwenda pwani.

"Yule kweli," akasema. "Yule hatukumtendea haki."

Akanirudishia kibati.

"Hiki si chetu, lakini. Chetu kilikuwa na ua, nalijua lile ua kwa kidole. Hiki kilikuwa na ndege. Hapa palikuwa na bawa. Ulikinunua?"

"Alinipa bure."

"Basi mrudishie."

"Bibi, ana kopo zima. Hakitaki."

"Mrudishie," akasema. "Mwenyewe yuaweza kuja kukitafuta, kama ulivyokwenda wewe. Atakuta nini?"

Kisha akafungua kile kichupa cha vidonge, kifuniko kikalia "krrk" badala ya "tk", na mimi nikajua mazungumzo yamesimama mpaka chafya.

Kibati kiko kwenye pochi yangu, nyuma ya kitambulisho. Jumanne ninavuka feri.